Mtoto anapoitwa mchawi, asistanti sosiali ndiye anayefikisha sheria nyumbani

Iwe Kadutu, Butembo au Kalemie, habari huanza karibu namna moja. Kifo kinaingia nyumbani, baba anapoteza kazi, ama mtoto mchanga anapata homa isiyoisha. Kisha kidole kinaelekezwa kwa mtoto mmoja: mara nyingi yatima, mtoto wa kambo, au yule anayekojoa kitandani. Siku chache baadaye analala sokoni.

Sheria iko wazi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka azabu: kifungo cha mwaka 1 hadi 3 na faini ya faranga za Kongo 200 000 hadi 1 000 000. Lakini imeandikwa kwa Kifaransa, na nyanya anayemfukuza mjukuu wake hajawahi kuiona.

Hapo ndipo kazi ya asistanti sosiali inaanza. Anaingia katika parseli, anasalimia, anakaa kwenye kiti anachopewa. Haanzi na sheria. Anauliza nani amekufa, mgonjwa alipimwa wapi, nani analipa nyumba. Anatafuta shangazi au mjomba anayeweza kumpokea mtoto kwa muda. Kesi ikifika kwenye tribinali ya watoto, uchunguzi wake ndio unaomwonyesha mwamuzi hali ya familia ile.

Parseli moja moja haitoshi. Wenye kuizoea kazi hii wanakusanya chefu wa avenue, mwalimu, mama wa soko, na pia mchungaji wa chumba cha maombi (huyo asisahauliwe, maana mara nyingi "unabii" ulitoka kwake). Ndivyo zinavyofanya kazi RECOPE, mitandao ya wakaaji inayolinda watoto. Ni watu wa kujitolea, wanaishi palepale, na wanasikia kelele za usiku mbele ya polisi.

Madaftari yao yangepaswa kufika pia kwa wabunge wa jimbo. Lakini asistanti sosiali huitwa kwenye semina, anatia sahihi kwenye orodha, anakunywa soda, anarudi. Bajeti inapoandikwa, hayupo mezani. Matokeo yake tunayaona: mtoto anapewa familia ya kumpokea, lakini hakuna aliyepanga nani atanunua unga wa familia hiyo.

Mwaka 2025 mambo yalizidi kuwa magumu. M23 iliingia Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, na kazi ya tribinali za serikali ikavurugika. Mwaka uleule Marekani ilikata misaada iliyokuwa ikilipia miradi mingi ya kibinadamu mashariki mwa nchi. Katika kata nyingi kumebaki kamati ya avenue, daftari, na simu ya asistanti sosiali anayejinunulia inite. Mtoto atakayefukuzwa usiku wa leo, ni mlango wao atakaobisha kwanza.