Ukiona, Usipite

Saa nane mchana, karibu na kijiwe cha bodaboda mtaani Buluk, Juba. Msichana wa sekondari amezingirwa na vijana watatu. Mmoja ameushika mkoba wake, anacheka. Wanafunzi wenzake wanaona. Wote wanaona, na kila mmoja anamsubiri mwingine aseme.

Tukio hili ni la kubuni, lakini kusubiriana huko kumepimwa. Mwaka 1968, Wamarekani Bibb Latané na John Darley walipenyeza moshi chumbani walimokaa vijana wa chuo. Waliokaa peke yao, robo tatu walitoka kutoa taarifa. Walipokaa watatu watatu, ni asilimia 38 tu ya makundi yaliyofanya hivyo. Si roho mbaya: mtu huutazama uso wa jirani, akiuona umetulia anadhani hakuna jambo.

Nairobi walilishughulikia tatizo hili. Katika sekondari za mitaa ya mabanda, wavulana 1,250 walifundishwa kwa wiki sita na shirika la Ujamaa-Africa. Kwanza yalivunjwa maneno ya kijiweni: eti sketi fupi ni mwaliko, eti msichana akikataa anataka kubembelezwa.

Kisha mbinu. Katika mafunzo ya aina hii, kumkabili mchokozi uso kwa uso ni njia mojawapo tu, na kwa kijana mwembamba mbele ya majitu matatu si ya busara. Kuna kuzuga: “Dada, mwalimu anakuita ofisini, haraka!” Msichana anaondoka, mchokozi anabaki ameduwaa, hakuna ngumi iliyorushwa. Kuna kumkimbilia mtu mzima. Na kuna kumwuliza msichana baadaye: “Uko salama? Nikusindikize?”

Baadaye, kati ya wavulana wa Nairobi waliofunzwa na kushuhudia shambulio, takriban robo tatu walisema waliingilia wakafaulu; kwa wasiofunzwa, karibu robo. Ni maneno ya wavulana wenyewe, na wavulana hujisifu. Ila wasiofunzwa nao walikuwa na nafasi ileile ya kujisifu.

Sudan Kusini ina sheria: kanuni ya adhabu ya 2008 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 14 kwa mbakaji, na mwaka 2020 Juba ilipata mahakama maalumu ya ukatili wa kijinsia. Makao makuu ya polisi yako hapohapo Buluk. Lakini polisi na hakimu huja baadaye. Mwanafunzi yupo pale mkoba ungali mkononi mwa mchokozi.

Walimu wakuu wa Buluk, darasa mnalo tayari. Tengeni kipindi kimoja kwa wiki cha mafunzo haya, kwa wiki sita.