Artemisia Bustanini: Majani Si Dozi

Tukitembelea vigango vya Bukoba na Muleba hatukosi kuulizwa: "Sista, je, chai ya artemisia inatibu malaria?"

Wanaouliza wana sababu. Mwaka 1972 huko China mtaalamu Tu Youyou na wenzake walipata katika mmea huu dawa iitwayo artemisinini, na mwaka 2015 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobeli. Dawa mseto tunayowapa wagonjwa ina asili hiyo hiyo.

Jinsi inavyolimwa

Mbegu ni ndogo kama vumbi. Husiwa juu ya udongo laini bila kufukiwa. Miche ikifikia urefu wa kiganja huhamishiwa penye jua, si chini ya migomba. Huvunwa inapokaribia kuchanua, kwani ndipo majani huwa na dawa nyingi, kisha hukaushwa kivulini.

Hatari iko wapi?

Aliyevuna mapema, aliyeanika juani na aliyeweka majani mwaka mzima, kila mmoja ana majani yenye nguvu tofauti. Tena artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji. Hakuna mzazi awezaye kujua kikombe chake kina dawa kiasi gani. Ikiwa ni kidogo, homa hutulia siku moja au mbili, lakini vimelea hubaki. Tumewapokea wodini watoto wenye degedege na upungufu mkubwa wa damu, waliokuwa wakinyweshwa chai nyumbani siku tatu. Si wote waliopona.

Dawa pungufu pia huvizoeza vimelea. Jirani zetu wa Karagwe wamekwisha kuonekana na vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa ya asili hii. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa haliungi mkono matumizi ya mmea huu kwa kuzuia wala kutibu malaria.

Tufanye nini?

1. Mtoto akipata homa, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo.

2. Akikutwa na malaria na kupewa dawa mseto ya vidonge, ameze mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula au maziwa. Amalize hata akipata nafuu.

3. Familia yote ilale ndani ya chandarua chenye dawa.

Kwa chai ya jioni, pandeni mchaichai. Artemisia ikiwa imeota uani, haina kosa. Kosa ni kumkawiza mtoto nyumbani kwa ajili yake.