Kabla hujamtumia mama mtungi wa gesi, hesabu moto kwanza

Kama unaishi Nairobi, Kisumu au Mombasa na nyumbani kwenu ni Asumbi, huenda mpango huu umeshaupiga kichwani: mshahara ukiingia tu, mama anunuliwe gesi. Amepika kwa kuni miaka yote hiyo, macho mekundu, kikohozi hakimwishi. Basi unatuma pesa, mtungi unafika kwa bodaboda, picha inatua kwenye kundi la WhatsApp la familia na kila mtu anashukuru.

Rudi Desemba sasa. Mtungi umekaa kwenye kona ya sebule, umefunikwa kitambaa cha kufuma. Kule jikoni nje, moshi bado unafuka. Gesi ni ya kuchemshia wageni chai. Ugali, maharagwe na maji ya kuoga viko palepale vilipokuwa. Ulitaka kuondoa majiko mawili ubaki na moja. Sasa yako matatu.

Usikimbilie kusema mama ni mgumu kubadilika. Mara nyingi yeye ndiye aliyepiga hesabu vizuri kukuliko.

Kila jiko lina kazi yake

Ukitembea katika vijiji vya Homa Bay na Migori, boma nyingi zina mioto miwili. Wa kwanza ni mawe matatu, au mafiga ukipenda, yaliyo kwenye jiko la nje. Hapo ndipo kazi nzito zinafanyika: ugali wa watu wengi, nyoyo inayotokota mchana kutwa, ndoo ya maji ya kuoga. Wa pili ni jiko la makaa. Hilo ni la chai ya asubuhi, omena ya jioni, na siku za mvua linapikia barazani.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya familia nchini zilitegemea kuni kupikia, asilimia 23.9 gesi na asilimia 11.6 makaa. Lakini swali lilihusu nishati kuu. Lile jiko la pili halionekani kwenye takwimu hizo, ilhali nalo linakula pesa na kutoa moshi kila siku.

Na moshi si mchezo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Mapafu hayajali kwamba chai ilipikwa kwa gesi kama saa tatu zilizofuata mama alikuwa ameinamia maharagwe kwenye kuni. Ndiyo maana kuongeza jiko safi kando ya yale mawili hakumsaidii sana. Faida inakuja yale mengine yakizimwa.

Maji ya kuoga ndiyo mwizi

Jiko moja linaweza kuchukua nafasi ya mawili iwapo tu litabeba kazi nzito kuliko zote. Watu wengi hudhani kazi hiyo ni ugali. Hapana. Ugali wa familia hauchukui muda mrefu.

Tuangalie maji. Chukua nyumba ya watu watano, kila mmoja anaoga lita 10 za maji vuguvugu, yaani maji yaliyopandishwa joto kwa nyuzi 20 hivi. Katika meko ya kawaida, karibu nusu ya joto la gesi ndilo linaloingia kwenye sufuria. Ukipiga hesabu, unapata takriban gramu 180 za gesi kwa siku. Mtungi wa kilo 6 utaisha baada ya siku 33 hivi, na bado hakuna aliyekula!

Mama hana haja ya kikokotoo kulijua hilo. Alijaribu wiki ya kwanza, akaona mtungi unavyokuwa mwepesi, akarudisha ndoo kwenye mawe matatu.

Maharagwe ndiyo ya pili. Yakipikwa bila kulowekwa yanaweza kukaa motoni saa mbili au tatu. Kwa kuni za shambani hilo halikutoi pesa mfukoni. Kwa gesi, kila dakika ina bei.

Punguza mzigo, kisha nunua jiko

Kwa hivyo kabla ya kwenda dukani, anza na kazi zenyewe.

Maji: jua la Homa Bay halina bili. Jerikeni jeusi la lita 20 likianikwa tangu asubuhi, jioni maji yako vuguvugu. Ukiweza kununua tangi dogo jeusi na kuliinua juani, bora zaidi.

Maharagwe na nyoyo: loweka usiku kucha, kisha tumia sufuria ya presha. Zile saa mbili zinaweza kushuka hadi chini ya saa moja. Kama stima ipo na haipotei ovyo, sufuria ya presha ya umeme ni jambo la kufikiria.

Ugali: hapa ndipo wengi wetu wa mjini tunakosea. Meko iliyokaa juu ya mtungi wa kilo 6 inafaa kwa chumba chako cha Pipeline. Weka sufuria kubwa pale, mwiko uanze kazi, uone inavyoyumba. Mama anahitaji jiko pana la kukaa mezani, lenye sehemu mbili za moto, lisilosogea akisonga. Mtungi ukae wima, mahali penye hewa, na bomba lipakwe povu la sabuni kuona kama linavuja.

Uliza pia duka la karibu la Asumbi linajaza mitungi ya aina gani. Mtungi unaojazwa Kisumu pekee utageuka kiti.

Si lazima iwe gesi

Kama huna uhakika wa kujaza mtungi kila mwezi, sema ukweli mapema. Mtungi mtupu unamrudisha mama kwenye mawe matatu siku hiyohiyo. Kuna jiko la Upesi, la udongo, linalotumia kuni. Vikundi vya akina mama wa magharibi mwa Kenya vimekuwa vikilifinyanga kwa miaka mingi. Linakula kuni chache kuliko mawe matatu. Moshi haliumalizi, hivyo bado jikoni panahitaji madirisha au bomba la kutolea moshi. Lakini jiko moja la Upesi linalowaka kila siku linamfaa kuliko gesi inayokaa sebuleni kama pambo.

Leo jioni mpigie simu. Usimuulize, "Mama, unataka gesi?" Atakubali tu, nani atakataa zawadi ya mtoto? Muulize jana aliwasha moto mara ngapi, na kila moto ulikuwa wa nini. Andika majibu yake kwa wiki moja. Ukishajua ni nani atalipia kujaza, na maji na maharagwe yatapikwa wapi, hapo sasa nunua. Yale mawe matatu usiyaguse. Atayaondoa mwenyewe akiona hayana kazi tena.