Insha bomba, bibi siye!

Juzi mdogo wangu wa kidato cha kwanza kanipa insha yake niisome: "Bibi Yangu". Lugha bomba, nukta mahali pake. Nikafika pale bibi anapotoa keki kwenye oveni. Nikashtuka! Bibi yetu wa Singida, Mungu amrehemu, alipikia mafiga matatu mpaka mwisho wake. Kumbe dogo kadesa kwa ChatGPT, tena kwenye simu yangu!

Kasheshe hii si yetu peke yetu. Programu hiyo ilitoka Novemba 2022. Januari 2023 shule za serikali za jiji la New York, Marekani, zikaifungia. Mei mwaka huohuo wakubwa wakageuza: bora watoto wafundishwe kuitumia.

Sasa itumike vipi? Mashine hiyo hupanga maneno kwa kukisia lipi hufuata lipi, kutokana na maandishi kibao iliyolishwa. Bibi yako haimjui ng'o! Kwa hiyo mwanafunzi aandike kwanza kwa kichwa chake, ndipo aiulize: wapi sijaeleweka? Jibu likija alipime mwenyewe, maana nayo huongopa bila kupepesa macho.

Dogo nilimrudisha kwenye daftari. Safari hii kaandika moshi, mafiga na kikohozi cha bibi. Makosa ya tahajia kibao, lakini, wallahi, nilipomaliza kusoma nilikuwa nafuta machozi.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.