Ekinasea: Rangi Kali Hutegemea Mizizi Imara

Ekinasea ni mmea wa jamii ya alizeti unaoota kwa asili katika mbuga na misitu ya wazi ya mashariki na kati ya Amerika Kaskazini, na watunza bustani wa huko huupenda kwa sababu huchanua kwa wiki nyingi wakati wa kiangazi. Ni mmea wa kudumu, yaani mashina na majani yake hukauka majira ya baridi yafikapo, lakini mizizi hubaki hai ardhini na kuchipua tena mwaka unaofuata. Kinachoonekana kuwa ua moja ni mkusanyiko wa vijiua vingi: vya pembeni vina petali ndefu ambazo aghalabu huinama, na vya katikati, vilivyo vidogo mno, hujipanga juu ya koni yenye ncha ngumu za rangi ya chungwa zinazokwaruza kidole. Vijiua hivyo vya katikati hufunguka duara baada ya duara, kuanzia ukingoni kuelekea kileleni, na kwa hiyo nyuki hulirudia ua lilelile siku nyingi.

Kwa muda mrefu bustani nyingi zilijua rangi mbili tu, waridi inayokaribia zambarau na nyeupe, kwa kuwa spishi iliyopandwa zaidi ilikuwa Echinacea purpurea. Petali za manjano zilikuwa za Echinacea paradoxa, ambayo makao yake ni milima ya Ozark katika majimbo ya Missouri na Arkansas, na mwanzoni mwa karne ya 21 wazalishaji wa mimea, akiwamo Jim Ault wa Chicago Botanic Garden, waliochavusha spishi moja kwa nyingine walipata machotara wenye maua ya chungwa, kisha zikafuata nyekundu na nyinginezo ambazo hazikuwahi kuonekana porini. Hata hivyo, spishi ya Ozark imezoea ardhi ya mawe inayokauka upesi, na baadhi ya machotara wa mwanzo waliosifiwa kwa rangi zao walikufa baada ya msimu mmoja au miwili.

Kinachoua mimea hiyo mara nyingi ni maji yanayotuama kwenye mizizi wakati wa baridi, kuliko baridi yenyewe. Kwa sababu hiyo ipandwe mahali panapopata jua kamili kwa saa 6 au zaidi kwa siku, katika udongo usiotuamisha maji, na penye mfinyanzi mzito ni afadhali kuinua tuta; miche iachiane takriban sentimita 45 hadi 60 ili hewa ipite. Mboji kidogo yatosha, maana mbolea nyingi hurefusha mashina hadi yakalala. Jambo gumu zaidi kwa mwenye bustani, na pengine lenye faida kuliko yote, ni kukata maua ya kwanza katika mwaka wa kupanda, ili nguvu ya mmea iende kwenye mizizi kabla ya baridi.

Maua yakitoa vishada vya majani ya kijani badala ya petali, mmea umeingiwa na fitoplasma, vimelea vya kundi la bakteria vinavyoenezwa na wadudu wadogo warukao wanaofyonza utomvu. Ugonjwa huo hauna tiba, na mmea huo ung'olewe mara moja usije ukaambukiza mingine.

Katika majaribio ya bustani ya mimea ya Mt. Cuba Center, jimboni Delaware, ilionekana kuwa wadudu wachavushaji huyapendelea maua ya kawaida kuliko yale yaliyosheheni petali hadi katikati, kwa kuwa katika haya chavua na nekta ama hupungua au hazifikiki. Anayetaka nyuki na vipepeo pamoja na rangi achague maua yenye koni iliyo wazi, na msimu ukiisha asizikate koni zote, kwa sababu ndege hula mbegu zake. Mbegu zitakazoanguka zitaota, ila miche ya machotara mara nyingi haifanani na mzazi. Anayetaka rangi ileile hana budi kununua mche uliozalishwa kutokana na sehemu ya mmea wenyewe.