Bei ya dakika moja chini ya maji

Mkazi wa mji wa Wote, Makueni, au wa Kitui anayetamani kupiga picha za samaki wa Watamu huanza hesabu kwa nauli. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Wa Makueni hupanda treni ya kati ya kaunti iendayo Mombasa pale Emali, Kibwezi au Mtito Andei. Wa Kitui anaweza kuteremka kwa barabara ya Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi, akaingia treni hiyohiyo. Mombasa kuna matatu za kuelekea Malindi. Nauli, pamoja na kiingilio cha hifadhi ya bahari ya Watamu, ambacho raia hutozwa kidogo kuliko mgeni, hujulikana kabla mtu hajafunga mkoba.

Kisichojulikana ni dakika. Mtungi wa lita 12, ukijazwa kwa shinikizo la baa 200, hubeba lita 2,400 za hewa. Tutoe 600 za akiba ya dharura, zinabaki 1,800. Tuseme mpiga mbizi aliyetulia hupumua lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kila mita 10 anazoshuka humwongezea shinikizo sawa na lile la hewa ya ufukweni. Kwa hiyo kwenye mita 10 pumzi ileile hula lita 40, na kwenye mita 20 hula 60. Mtungi wa dakika 45 umekuwa wa dakika 30.

Sasa tutie shilingi. Tuchukue, kwa mfano tu, safari ya shilingi 60,000 yenye mbizi nne. Kwenye mita 10 ananunua dakika 180, kila moja kwa takriban shilingi 333. Kwenye mita 20 anapata 120, kwa shilingi 500 kila moja. Tena kina kina gharama ya pili: maji humeza rangi nyekundu kwanza, katika mita chache za mwanzo, hivyo samaki mwekundu hutoka wa kijivu pichani mpaka amulikwe kwa flashi. Flashi ya majini nayo ni pesa.

Msimu huamua ubora wa dakika hizo. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na vyumba vya wageni huelekea kuwa nafuu. Unafuu huo hudanganya, maana dakika ni zilezile lakini kamera inaona ukungu wa mchanga. Kaskazi ni afadhali, ingawa hata humo siku za bamvua mkondo huwa na nguvu. Maji mafu humpa mpiga picha utulivu zaidi.

Kuna hasara nyingine ya kuepuka: kasha la kamera huzuia maji kwa pete nyembamba ya mpira. Unywele mmoja ukilala juu ya pete hiyo unatosha kupitisha maji. Ndiyo maana kasha huzamishwa kwanza likiwa tupu, hata kwenye beseni nyumbani.

Linalosahaulika zaidi ni mwinuko wa kwetu Makueni na Kitui. Chini ya maji, naitrojeni ya hewa huyeyuka mwilini; mtu akipanda haraka mahali penye shinikizo dogo, inaweza kutoka kama mapovu na kumdhuru. Shirika la usalama wa wapiga mbizi, Divers Alert Network, hushauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, au 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kupanda ndege ambayo hewa yake ni kama ya mwinuko wa mita 600 hadi 2,400. Emali na mji wa Kitui viko juu ya mita 1,000, na vilima vya Mbooni vinazidi hapo. Mwili haubagui kama umepandishwa na ndege, treni au matatu.

Kwa hiyo bajeti ina usiku mmoja wa ziada pwani, na huo si anasa. Pesa zikipungua, ningeondoa flashi, kisha mbizi ya nne, nikabaki kwenye kina cha mita 10. Usiku huo nisingeugusa. Mchana wake mtu anaweza kuelea juu ya matumbawe kwa miwani ya majini na mrija wa kupumulia, jua likiwa utosini, akipiga picha bila kugusa mtungi.