Khabari Isiyo na Mwenyewe

Tulipokuwa watoto, mtaani kwetu Tanga zilikuwako redio mbili tu, nayo moja yake ilinena mwisho wa mwezi peke yake, mshahara ulipopokelewa na betri zikanunuliwa. Saa mbili ya usiku wazee walikusanyika barazani kwa mwenye ile redio ya pili, nasi watoto tukakatazwa hata kukohoa. Ndivyo tulivyosikia, mwanzo wa Novemba 1978, ya kuwa majeshi ya Idi Amin yameingia Kagera, na ya kuwa Mwalimu Nyerere ametangaza vita. Tulikuwa na umri wa miaka saba. Hatukujua Kagera iko upande gani, walakini tulijua ni nani aliyesema, na aliyetaka kubisha alijua anabishana na nani.

Hatusemi kwamba redio ile ilikuwa haikosi. Ilikuwa ya Serikali, na yale ambayo Serikali haikupenda tuyajue, hatukuyajua. Televisheni nayo haikufika Tanzania bara mpaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Unguja walikuwa nayo tangu 1973. Twataka kusema neno moja tu, kwamba khabari ya siku zile ilikuwa na mwenyewe.

Leo tunayo simu ya mkononi, tuliyonunuliwa na binti yetu, na humo mna kundi la wazazi wa madrasa, kundi la msikiti, kundi la ukoo, na kundi moja ambalo hata hatujui ni nani aliyetuingiza. Khabari hutufikia alfajiri kabla hatujatia udhu. Binti yetu ndiye aliyetufundisha kuutazama ujumbe wa WhatsApp upande wa juu. Ukiona kishale kimoja, basi aliyekuletea siye aliyeuandika. Ukiona vishale viwili, ujue umekwisha kupelekwa mara tano au zaidi. Tena tangu Aprili 2020 ujumbe wa vishale viwili haupelekwi ila mahali pamoja kwa mara moja, ilhali kabla yake mtu aliweza kuupeleka mahali patano kwa kidole kimoja.

Lakini vishale hivyo husema idadi tu, havisemi jina. Kila aupelekaye ujumbe mbele huliacha nyuma jina la aliyemletea. Sisi tuliomaliza miaka karibu thelathini tukisomesha watoto twaona ajabu kubwa, maana elimu yetu imesimama juu ya kinyume cha hayo. Hadithi haipokelewi ila kwa sanad: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, hata imfikie Mtume (s.a.w.). Wanachuoni walisafiri safari za miezi ili wamtazame mtu mmoja tu katika mnyororo huo. Je, ni mkweli? Je, kumbukumbu yake ni nzima? Je, alipata kuonana kweli na huyo anayemtaja? Neno zuri kabisa, likikosa sanad, liliwekwa kando. Nasi neno baya kabisa, lisilo baba wala mama, twalipokea na kulipeleka kwa wenzetu kabla chai haijapoa. Na sasa imekuja hii iitwayo akili mnemba, iwezayo kuigiza sauti ya mtu hata mkewe asitambue; basi hata kusema "tumemsikia kwa masikio yetu" si hoja tena.

Na tueleze yaliyotupata sisi wenyewe, kwani si vema kuwahukumu watu nasi tunayo yetu.

Rais John Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari 2021. Siku zikapita, Jumapili zikapita asionekane kanisani, na watu wakaanza kunong'ona. Simu zikajaa. Huyu asema yuko hospitali Nairobi, yule asema amepelekwa India, mwingine asema amekwisha kufa. Tarehe 12 Machi, siku ya Ijumaa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimama msikitini Njombe, akawaambia waumini kwamba Rais ni mzima na anaendelea na kazi zake. Polisi nao waliwakamata watu kwa kueneza uvumi. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 si nyepesi: mwenye kutangaza uongo hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au hufungwa miaka isiyopungua 3, au yote mawili.

Wakati huo tulikuwa na kijana akitusaidia kusomesha watoto wa Juzuu Amma. Jumatatu, tarehe 15, baada ya sala ya alasiri, alisema mbele ya wazee kwamba Rais ni mgonjwa sana, naye yuko Nairobi. Tulimkemea. Tulimwita mzushi. Tulimtajia Sura ya Al-Hujurat, ituamrishayo kuichunguza khabari iletwayo na fasiki. Na kwa kumtajia aya hiyo ilikuwa kana kwamba tumemwita fasiki, tena mbele ya watoto anaowafundisha. Tukamwambia, "Kiongozi amenena msikitini, siku ya Ijumaa. Wewe umepata wapi?" Kijana aliinamisha kichwa, akatwaa kofia yake, akaenda zake. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Usiku wa tarehe 17 Machi, Makamu wa Rais, Bibi Samia Suluhu Hassan, alitokea katika televisheni akatangaza kifo. Alieleza kwamba Rais alilazwa tarehe 6 katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kwa maradhi ya moyo aliyokuwa nayo kwa zaidi ya miaka 10, akatoka tarehe 7, na tarehe 14 akapelekwa hospitali ya Mzena, Dar es Salaam, na huko ndiko alikofia. Tulizihesabu tarehe hizo kwa vidole. Siku tulipomkemea kijana, Rais alikuwa amelala hospitalini tangu jana yake.

Siku tatu tulijisemea kwamba hatukukosa, tulifuata aya. Siku ya nne mama watoto akatuuliza, kwa sauti ya chini kama ilivyo desturi yake, kama aya ile ilimhusu kijana peke yake. Tukavaa kanzu, tukaenda.

"Hodi."

"Karibu, Maalim. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kukuomba radhi."

"Usiniombe radhi, Maalim. Hata mimi sikujua. Nililetewa na mtu aliyeletewa. Nilisema Nairobi, kumbe alikuwa Dar es Salaam."

Maneno hayo tumekaa nayo miaka. Kijana alipata nusu ya kweli kama atupaye jiwe gizani mwembeni, embe likaanguka. Nasi tulishikilia kauli ya mkubwa tusiulize, tukidhani cheo ni sanad. Lakini uvumi ule haukuota peke yake. Wenye khabari walikuwako, nao walinyamaza. Twajua ugonjwa wa kiongozi ni jambo zito, na si kila neno hutangazwa sokoni. Hata hivyo mwenye kiu, akifungiwa kisima, hunywa maji ya dimbwi, na anayestahili kulaumiwa kwanza ni mwenye ufunguo.

Wakubwa wa pande zetu wamezoea kuifunga njia yenyewe. Kongo walikata mtandao baada ya kura ya tarehe 30 Desemba 2018, wakaukata siku zipatazo 20. Uganda waliukata Januari 2021, kabla ya siku ya kura. Kwetu ulikatwa tarehe 29 Oktoba 2025, siku yenyewe ya uchaguzi, na Dar es Salaam watu wakaamriwa wasitoke usiku. Husemwa kwamba ni kwa ajili ya kuzuia uongo. Sisi tulikuwako, na tuliyoyaona ni kwamba uongo haukuhitaji mtandao. Ulikuja kwa lori, kwa basi, kwa mtu aliyepita. Kilichozuiwa ni kuuliza.

Kijana wetu alikwisha kurudi zamani kusomesha. Katika siku hizo tulikaa naye barazani na redio, kama walivyokaa wazee wetu, nayo ikisoma matokeo ya kura. Akaja mama mmoja jirani, mwanawe yuko Dar es Salaam kwa kazi ya ujenzi, na simu yake hailii. Hakuuliza nani ameshinda. Alisema, "Maalim, mmesikia nini?"

Kijana ndiye aliyemjibu: "Mama, khabari yenye mwenyewe hatunayo. Tukiipata tutakuletea wenyewe nyumbani."

Mama alipokwisha ondoka, kijana akatuambia kwamba asubuhi ile dereva wa lori amemweleza, kwa kusikia kwa mwenziwe, ya kuwa mtaa anaokaa yule mwana umepigwa risasi. Tulimwuliza mbona hakusema. Akasema dereva hakumtaja huyo mwenziwe. Tukanyamaza wote wawili, wala hatukuwa na hakika kama tumemtendea mama wema au tumemdhulumu.

Mwanawe alifika kwa basi wiki iliyofuata, mguu mmoja umevimba, simu amekwisha kuipoteza. Si kila mama wa siku zile aliyemwona mwanawe akishuka basi. Huyu alipomwona hakusema neno. Alimshika mkono, akamwongoza nyumbani polepole, akipita mbele ya baraza letu bila kutusalimu, nasi hatukuona vibaya.